Maswali ya Wasomaji: Samaki Msafishaji wa Miamba ya Malindi

Barua tulizopokea kutoka Malindi na vijiji vya jirani msimu huu wa kaskazi zimeelekea upande mmoja. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wanauliza juu ya samaki mdogo wa rangi ya buluu, mwenye mstari mweusi ubavuni, anayeonekana kwenye miamba ya maji madogo akiwazungukia samaki wakubwa na kuwadonoadonoa. Tumechagua barua nne na kuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la moja linahitaji jibu la nyingine ili lieleweke vyema.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni nahodha wa mashua ya kioo hapa Casuarina, na kazi yangu ni kuwapeleka wageni ndani ya hifadhi ya bahari kutazama matumbawe. Kuna samaki mmoja mdogo ambaye kila nipitapo humkuta kwenye jiwe lile lile. Chewa mzima, mwenye kinywa cha kummeza mara moja, husimama akaachama, na huyu mdogo huingia, akazunguka humo ndani, kisha akatokea kwenye mashavu bila kudhurika. Wageni huniuliza kama ana sumu. Nami nina swali langu: juzi nilimwona mmoja aliyefanana naye kabisa akimng'ata tafi pezi la mkia na kukimbia na kipande. Je, huyu ni mtumishi wa wenzake au ni mwizi? — Nahodha, Malindi

JIBU: Waalaykumu salaam, bwana nahodha. Samaki unayemkuta kwenye jiwe lile lile hana sumu yoyote, na yule aliyemng'ata tafi, kwa kila dalili, hakuwa yeye. Hao ni samaki wawili wa koo mbalimbali, na mmoja anaishi kwa kujifananisha na mwenziwe. Tuanze na yule wa kweli, kwa maana ndiye mwenye mambo mengi.

Jina lake la kitaalamu ni Labroides dimidiatus, alilopewa na Mfaransa Achille Valenciennes mwaka 1839, na hapa tutamwita samaki msafishaji. Ni wa jamii yenye spishi zaidi ya 500, na ndugu zake wengi wako papo hapo unapotia nanga: yule wa kijani mwenye mkia wa manjano uliopinda mfano wa hilali, yule mwenye pua ndefu iliyochongoka anayechokoachokoa katikati ya matawi ya matumbawe, na wengine wadogo wenye madoa na mistari ambao mvuvi huwarudisha majini bila kuwauliza jina. Pono naye ni jamaa yao wa karibu. Msafishaji mkubwa kabisa hufikia sentimita 14, lakini wengi tunaowaona hawazidi 10. Kichwani na kifuani ana weupe unaoelekea manjano, kisha rangi hugeuka buluu kadiri unavyokwenda mkiani, na mstari mweusi unaoanzia puani, ukapita katikati ya jicho, huzidi kupanuka mpaka ukalijaza pezi la mkia. Mtoto wake huvaa kinyume: mwili wote ni mweusi, na mstari mmoja wa buluu inayong'aa hupita mgongoni. Wanapatikana tangu Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi visiwa vya katikati ya Bahari ya Pasifiki, katika kina cha mita 1 hadi 40 hivi, na ndiyo sababu mtu mwenye miwani ya kuzamia tu anaweza kuwatazama kwa raha maji yakipwa.

Jiwe unalolitaja ni mahali pake pa kazi. Samaki wa mwamba wanapajua, huja wenyewe, na wakimkuta na mteja mwingine husubiri zamu, kama watu wanavyosubiri kwenye baraza la kinyozi siku ya kuamkia Idi. Msafishaji hujitangaza kwa kuogelea akipandisha na kushusha mkia, mwendo ambao samaki wengine hawana. Mteja naye hujibu kwa namna yake. Kangaja husimama kichwa juu, mapezi yakiwa yametanuliwa; mkundaji hubadilika rangi akaiva wekundu, na huenda rangi hiyo ikawafanya wadudu walioganda mwilini waonekane kwa urahisi; chewa huachama na kufungua vifuniko vya mashavu. Ukimtazama chewa kwa makini utaona pia jinsi anavyoagana na msafishaji wake: kabla ya kuondoka hufumba kinywa nusu kwa ghafla, akaacha mwanya, kisha akakifumbua tena, na yule mdogo hutoka mara moja. Hiyo ni ishara ya kumwambia kuwa kazi imekwisha, na wote wawili wanaielewa.

Anachokula humo ni vimelea, na hasa wadudu wadogo wa ukoo mmoja na kaa na kamba, wenye urefu wa milimita chache tu, ambao wakiwa wachanga hunyonya damu ya samaki. Hula pia vipande vya ngozi iliyokufa. Mtafiti Alexandra Grutter alifanya kazi ya kuhesabu shughuli hiyo katika kisiwa cha Lizard, kwenye Mwamba Mkuu wa Australia, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1996 alikadiria kuwa msafishaji mmoja hula vimelea 1,200 hivi kwa siku, na kwamba hukagua samaki wanaokaribia 2,300 tangu asubuhi hadi jioni. Bila shaka wengi wao ni wale wale wanaorudi mara kwa mara, kwa sababu vimelea navyo havipumziki: usiku na alfajiri hutoka mchangani na mawemawe, vikawapanda samaki upya. Sasa, chewa anayemla msafishaji amepata tonge moja na amekosa huduma ya kila siku ya maisha yake. Sisemi kwamba chewa anakaa akapiga hesabu. Nasema kwamba kwa vizazi vingi, chewa waliomwacha msafishaji aende zake ndio waliostawi na kuacha watoto.

Kuna jambo jingine lililowashangaza watafiti, nalo ni kwamba mteja hufurahia hata asipoondolewa kitu. Msafishaji hupenda kumpapasa mteja mgongoni kwa mapezi yake ya tumboni, hasa mteja huyo akiwa mkali au akiwa amechoka kusubiri. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba kangaja anayepapaswa tu, hata na sanamu ya msafishaji inayotikisika, hupungukiwa na kotisoli, ambayo ni homoni ya fadhaa mwilini.

Hata hivyo, si haki kumsifu samaki huyu kupita kiasi, na hapa swali lako la wizi lina nafasi yake. Anachokipenda hasa kuliko vimelea ni ute unaofunika mwili wa mteja, ule utelezi unaoushika mkononi ukimtoa samaki wavuni. Ute huo una lishe, na ni kinga ya samaki, kwa hiyo mteja hataki uliwe. Mara moja moja msafishaji hushindwa na tamaa akaudonoa, na ukiwa juu ya kioo chako unaweza kulishuhudia hilo: mteja hustuka mwili mzima kwa ghafla. Baada ya hapo hutokea mojawapo ya mambo mawili. Mteja mwenye makao pale pale, asiyeweza kwenda kwingine, humfukuza msafishaji kwa hasira, na yule hukimbia huku akijua kwamba safari ijayo lazima awe mwangalifu. Mteja msafiri, anayezunguka miamba mingi, huondoka tu akaenda kwa msafishaji mwingine. Redouan Bshary, mtafiti wa Uswisi aliyewafuatilia samaki hawa kwa miaka mingi, alionyesha kuwa msafishaji anazijua tofauti hizi: wasafiri huwahudumia kwanza na wenyeji huwaweka wangoje, kwa kuwa mwenyeji hana pa kwenda. Akiwa mbele ya mteja mla-samaki, kama huyo chewa wako, ni nadra sana kujaribu udanganyifu. Na akitazamwa na wateja wengine wanaosubiri, hufanya kazi kwa adabu zaidi, kwa sababu wanaotazama hukwepa msafishaji waliyemwona akimuumiza mwenzao.

Wakati mwingine msafishaji dume na jike lake humhudumia mteja mmoja kwa pamoja. Jike akidonoa ute na mteja akaondoka, dume naye amepoteza riziki, na hapo humfukuza jike lake kwa adhabu. Jambo hili lilichapishwa mwaka 2010 baada ya majaribio yaliyofanywa kwa utaratibu mzuri. Mimi naliona ni la ajabu kuliko yote tunayoyasikia kuhusu samaki wa mwamba, kwamba kiumbe wa sentimita 10 hukosana na mwenziwe kwa ajili ya mteja aliyedhulumiwa.

Tuje kwa yule aliyemng'ata tafi. Katika miamba hii hii wanaishi samaki wa jenasi ya Aspidontus, ambao si ndugu wa msafishaji hata kidogo, bali ni wa koo la samaki wembamba wanaoishi mashimoni. Wana rangi ile ile ya buluu, mstari ule ule mweusi unaopanuka kuelekea mkiani, urefu ule ule, na hata mchezo wa kupandisha na kushusha mkia wanauiga. Samaki akija akajitanua ili asafishwe, mwigaji hukata kipande cha pezi kwa meno marefu ya taya ya chini na kutoweka. Anayedanganyika zaidi ni samaki mchanga. Wakubwa wengi wameshajifunza na humkwepa. Tena mwigaji haishi kwa mapezi peke yake, kwa maana sehemu kubwa ya chakula chake ni mayai ya samaki wengine na minyoo ya matumbawe, na mfanano huo unamfaa pia kwa kujikinga na walaji, ambao humwacha wakimdhani ni msafishaji.

Ukitaka kuwatofautisha, bwana nahodha, usiangalie rangi, angalia kinywa. Kinywa cha msafishaji kiko mbele kabisa, kwenye ncha ya uso. Kinywa cha mwigaji kiko chini, na pua imechomoza mbele yake. Tena mwigaji akishtuka hurudi nyumanyuma kwenye tundu jembamba na kuacha kichwa tu nje, ilhali msafishaji hujificha kwa muda mfupi kwenye nyufa kisha akarudi kazini. Wageni wako wakioneshwa jambo hilo mara moja, watalitafuta wenyewe safari nzima.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kike wa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa baiolojia alitueleza kwamba samaki msafishaji dume akifa, mmoja wa majike hugeuka akawa dume. Nilipomsimulia babu, ambaye amevua tangu utotoni, alicheka na kusema kwamba hayo ni maneno ya vitabuni. Tafadhali nieleze ili nimweleze babu. — Mwanafunzi, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli, na tunakuomba umweleze babu kwa heshima, kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kuonekana na mvuvi hata awe hodari namna gani. Samaki hawa ni wadogo mno kwa ndoana na nyavu za kawaida, na dume na jike hawatofautiani kwa rangi. Ili kulijua jambo hili ilibidi mtu akae chini ya maji siku baada ya siku akiwatambua samaki mmoja mmoja.

Mtu huyo alikuwa Ross Robertson, ambaye alichapisha utafiti wake mwaka 1972 baada ya kuwachunguza wasafishaji wa kisiwa cha Heron, Australia. Aligundua kwamba wanaishi katika miji midogo midogo: dume mmoja mkubwa mwenye himaya yake, na majike kadhaa, aghalabu watatu hadi sita, pamoja na wachanga. Kila jike lina mahali pake pa kufanyia kazi, na wamepangika kwa ukubwa, yaani aliye mkubwa humtawala anayemfuatia, naye humtawala wa chini yake, mpaka mwisho. Jike kubwa kuliko yote hukaa karibu na dume. Kila siku dume huzunguka himaya yake, akamtembelea kila mmoja na kumwonyesha ubabe wake kwa kutanua mapezi na kumsukasuka.

Ubabe huo ndio unaowazuia majike wasigeuke. Wote wamezaliwa majike, na mwili wa kila mmoja una uwezo wa kuwa dume, lakini maadamu yuko mkubwa anayewakandamiza, uwezo huo hulala. Dume likitoweka, jike kubwa huanza kuwatisha wenzake kwa mtindo wa kidume katika muda wa saa mbili hivi. Baada ya siku chache huanza kuwachumbia. Mwili hufuata nyuma: mayai yaliyomo hunyauka, sehemu ya kiume hukua, na kati ya siku 14 na 18 huwa na uwezo kamili wa kutoa mbegu za kiume. Majike yaliyobaki husogea ngazi moja juu, kila mmoja, na mji unaendelea. Iwapo dume jirani atawahi kuingia kabla ya jike hilo kujiimarisha na kulitawala, mageuzi husimama.

Kuna faida katika mpango huo. Dume dogo haliwezi kulinda himaya wala kupata majike, kwa hiyo samaki anayeanza maisha akiwa jike, akataga mayai yake, kisha akawa dume baada ya kukua, huacha watoto wengi kuliko angelianza kinyume chake. Mayai yenyewe hayatunzwi. Dume na jike hupanda juu kwa kasi, wakayaachia pamoja na mbegu, na mkondo huyachukua. Watoto watakaosalimika hurudi mwambani wakiwa weusi wenye mstari wa buluu, pengine mbali sana na wazazi wao.

Mwambie babu pia kwamba pono, ambaye wavuvi wote wanamjua, hufanya vivyo hivyo katika spishi nyingi. Wale pono wenye rangi za kahawia na wale wa kijani na buluu, ambao mara nyingi huuzwa sokoni kama samaki wawili tofauti, huweza kuwa samaki wa aina moja, mmoja akiwa jike na mwingine akiwa amekwisha kugeuka dume. Nadhani hapo babu ataacha kucheka, kwa kuwa pono wameshapita mikononi mwake.

Kwa kuwa unasoma baiolojia, huenda ukapenda kujua na hili. Mwaka 2019 Masanori Kohda na wenzake wa Japani walimtia msafishaji alama ya hudhurungi kooni, mahali asipoweza kupaona bila kioo, wakamwekea kioo mbele yake. Samaki alijitazama, akashuka chini, akajisugua koo mchangani, kana kwamba anaondoa mdudu. Wataalamu bado wanajadiliana maana yake, lakini jaribio lenyewe limerudiwa kwa samaki wengi zaidi na matokeo yamekuwa yale yale.

SWALI: Salaam. Mimi ni kijana wa Mayungu, navua kwa mshipi na dema. Kuna mtu amenijia akisema atanunua samaki wadogo wa rangi wakiwa hai, akiwemo huyo msafishaji, ili awapeleke kwenye matangi ya kioo ya hoteli na nchi za nje. Samaki huyu haliwi na mtu, wala hauzwi sokoni. Nikimtoa mwambani nitakuwa nimemdhuru nani? — Mvuvi kijana

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza kwa uungwana, nasi tutakujibu bila kuzungukazunguka. Utakuwa umewadhuru samaki unaowategemea wewe mwenyewe.

Hili si jambo la kudhania. Katika kisiwa kile kile cha Lizard, watafiti walichagua vipande vya miamba vinavyofanana, katika baadhi yake wakawaondoa wasafishaji wote na kuendelea kuwaondoa kila walipoingia wapya, kwa muda wa miaka minane na nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kwenye vipande visivyo na wasafishaji, samaki wakaazi walikuwa pungufu kwa asilimia 37, na aina zao pungufu kwa asilimia 23, kuliko kwenye vipande vilivyoachwa na wasafishaji wao. Samaki wanaotembea, wakiwemo kangaja wanaokula mwani na kuyaacha matumbawe yapate nafasi ya kukua, walipungua pia. Watoto wa samaki wanaotafuta pa kutulia huvutiwa na mahali penye msafishaji. Fikiria basi changu na tafi unaowatega kwa dema lako: wanapita kwenye jiwe hilo kusafishwa, na jiwe likikosa mwenyewe, hawana sababu ya kupita.

Utakumbuka pia yale tuliyomweleza mwanafunzi. Mnunuzi hupenda samaki mkubwa, na huyo mara nyingi ndiye dume. Ukimtoa, mji mzima huvurugika kwa wiki mbili au tatu mpaka jike kubwa ligeuke. Ukimtoa na huyo aliyegeuka, unaondoa pia jike lililokuwa likitaga mayai mengi kuliko wenzake. Kwa samaki wa namna hii, kuwatoa wakubwa mfululizo ni kuubomoa mji kutoka juu.

Tena, hakuna anayefaidika naye huko anakopelekwa. Amezoea kudonoa mamia ya samaki kwa siku, na tangi la kioo la hoteli lina samaki wachache, wasio na vimelea vya kumtosha. Akiisha kuvimaliza hugeukia ute wao, na wao humchoka. Wengi wa wasafishaji hao hudhoofika na kufa kwa njaa. Watu waliozoea kufuga samaki wa mapambo wanalijua hili, na waungwana miongoni mwao hawamnunui.

Kuhusu sheria, ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hairuhusiwi kutoa kitu chochote, awe samaki, kome au kipande cha tumbawe. Katika eneo la akiba linalozizunguka, uvuvi wa asili unaruhusiwa, ndiyo maana dema lako liko halali huko. Lakini kukamata na kuuza samaki wa mapambo ni biashara inayohitaji leseni ya idara ya uvuvi, na mtu anayekuja ufukweni bila karatasi, akimtaka kijana amfanyie kazi hiyo, anamwachia kijana huyo mzigo wote wa kesi. Mwulize leseni yake kwanza. Na hata akiwa nayo, sisi ushauri wetu ni kwamba huyu msafishaji umwache kwenye jiwe lake. Riziki yako ya dema ni ya miaka mingi. Fedha ya huyo mnunuzi ni ya siku moja.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, nafundisha shule ya msingi mjini Malindi na ningependa kuwapeleka wanafunzi wakamwone samaki huyu kwa macho. Ni wakati gani unaofaa, na tujihadhari na nini? — Mwalimu

JIBU: Mwalimu, nendeni mchana, maji yakiwa yamepwa na bahari imetulia. Usiku hamtamwona, kwa kuwa jua likizama huingia kwenye ufa, akajifunika kwa mfuko mwembamba wa ute wake mwenyewe na kulala, kama wafanyavyo baadhi ya pono, ambao usingizi wao umeingia katika misemo yetu. Miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, ndiyo yenye bahari tulivu. Kusi likianza kuvuma Aprili, mawimbi hutimua mchanga na mashua huyumba. Hata katika kaskazi, angalieni mvua za bara, kwa sababu tope la mto Sabaki wakati huo husukumwa na upepo kuelekea kusini, likafika upande wa mji na hifadhi, na maji yakawa ya kahawia kwa siku kadhaa. Waulizeni manahodha wa Casuarina siku moja kabla. Wao huyajua maji kuliko kalenda yoyote.

Mkifika, mwambie nahodha azime mashine na kuiacha mashua itulie juu ya jiwe kubwa lililosimama peke yake mchangani, kwa maana wasafishaji hupenda mahali pa namna hiyo panapoonekana kwa mbali. Watoto wasitafute samaki mdogo kwanza. Watafute samaki mkubwa aliyesimama bila kuogelea, mapezi yametanuka, kichwa kimeelekea juu au chini kwa namna isiyo ya kawaida, kisha watazame pembeni mwake. Mpe kila mtoto kazi ya kuhesabu wateja wanaofika kwa dakika 10, na mwingine ahesabu mara ambazo mteja anastuka. Wataona wenyewe ni nani anayefukuzwa na ni nani anayehudumiwa upesi.

Wanaojua kuogelea wasikanyage matumbawe, hata yale yanayoonekana yamekufa. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe ya Malindi, Watamu na hata Kiunga upande wa Lamu yakageuka meupe na sehemu kubwa ikafa. Machipukizi tunayoyaona leo yameota juu ya mifupa ile, na unyayo wa mtoto unatosha kuyavunja. Wasirushe mkate majini pia, ingawa wapo wanaofanya hivyo ili kuwakusanya samaki. Samaki waliokusanyika kwa mkate huvurugana na kusukumana, na hakuna hata mmoja atakayesimama kusafishwa, kwa hiyo mtakuwa mmejinyima hicho hasa mlichokifuata. Chukueni kofia na maji ya kunywa, na mkate uwe wa watoto wakirudi nchi kavu.